Gunpei Yokoi: Fundi wa kiwanda aliyewapa watoto wa dunia gemu ya mfukoni

WENGI waliokulia Kabianga na vijiji jirani vya Kericho na Bomet katika miaka ya tisini wanakikumbuka kidude cha plastiki kilichotoshea kiganjani, chenye kioo cha kijivu na vitufe vichache, ambamo matofali madogo meusi yalishuka kutoka juu huku mchezaji akiyageuzageuza ili yajaze safu. Juu ya boksi lake mara nyingi paliandikwa kwamba kina michezo 9999, ingawa aliyekuwa na subira ya kuihesabu aligundua upesi kwamba ni michache tu iliyobadilishwa kasi. Katika nyumba nyingi za wakulima wa majani chai umeme ulikuwa haujafika, na betri zilikuwa za redio. Mtoto aliyethubutu kuzichomoa ili achezee gemu alijua atakavyopokewa na babake saa ya taarifa ya habari itakapofika.

Kidude hicho kilitoka China na hakikuwa na jina la aliyekibuni. Ukifuata nasaba yake, hata hivyo, utafika mjini Kyoto nchini Japani, kwa mhandisi ambaye hakupata kufahamika sana katika Afrika Mashariki ijapokuwa kazi yake ilifika mpaka kwenye mashamba ya chai. Mtu huyo ni Gunpei Yokoi, aliyefariki mwaka wa 1997 akiwa na umri wa miaka 56.

Yokoi alizaliwa Septemba 10, 1941, huko Kyoto, miezi mitatu kabla ya Japani kuingia vitani dhidi ya Marekani. Alisomea uhandisi wa elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, mjini humo humo, na alipohitimu aliajiriwa na kampuni ya Nintendo mwaka wa 1965.

Nintendo ya wakati huo ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilianzishwa mwaka wa 1889 kutengeneza karata za Kijapani ziitwazo hanafuda, na kazi aliyopewa kijana Yokoi ilikuwa kuitunza mitambo iliyotengeneza karata hizo. Ni kazi ambayo mtu yeyote wa Kericho anaifahamu, kwa kuwa kila kiwanda cha chai kina fundi wa namna hiyo: yule anayezunguka na spana na kopo la grisi, ambaye hakuna amkumbukaye mpaka mtambo usimame. Mitambo isiposimama, fundi ana muda. Yokoi aliutumia muda wake kujiundia vitu vya kuchezea.

Kimojawapo kilikuwa mkono wa vipande vilivyopishana kama mkasi, uliorefuka na kushika kitu kilicho mbali mtu alipobana vishikio vyake. Siku moja rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, mzee mkali aliyeiongoza Nintendo tangu mwaka wa 1949, alipita kiwandani akauona. Badala ya kumkemea mfanyakazi anayecheza saa za kazi, alimwagiza aufanye kuwa bidhaa. Ukaingia sokoni mwaka wa 1966 kwa jina la Ultra Hand, na ukauzwa zaidi ya milioni moja. Fundi wa mitambo ya karata akawa mbunifu wa vitu vya kuchezea.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya majaribio mengi. Mwaka wa 1969 alitoa Love Tester, kifaa ambacho mvulana na msichana walikishika huku wameshikana mikono, nacho kikapima mkondo wa umeme uliopita katika miili yao na kudai kwamba kinapima mapenzi. Kifaa kilikuwa duni na sayansi yake ilijulikana tangu zamani. Yokoi mwenyewe alieleza baadaye kwamba alitaka kuwapa vijana kisingizio cha kushikana mikono. Mwaka wa 1970 alitumia seli za mwanga wa jua zilizotengenezwa na kampuni ya Sharp kuunda bunduki ya kuchezea iliyolenga shabaha kwa miali ya mwanga.

Hapa ndipo falsafa yake ilipoanza kuonekana. Yokoi alishikilia kwamba kitu kizuri cha kuchezea hakihitaji teknolojia mpya kabisa, kwa kuwa teknolojia mpya ni ghali, huharibika ovyo na hula umeme. Alipenda ile iliyokwisha zoeleka, iliyoshuka bei, ambayo kasoro zake zote zinajulikana, kisha akaitafutia matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria. Neno la Kijapani alilolitumia kuielezea teknolojia hiyo lina maana ya kitu kilichonyauka. Msomaji wa nchi ya chai hahitaji kufafanuliwa zaidi. Jani likitoka kituo cha kununulia majani halipelekwi moja kwa moja kwenye mashine za kusaga. Hutandazwa kwanza, likapitishiwa hewa kwa saa kadhaa mpaka linyauke, na ni kule kunyauka kunakoliwezesha kusagwa na kutoa ladha. Yokoi aliiona teknolojia kwa jicho hilo hilo.

Mfano mkubwa zaidi ulitokana na safari ya garimoshi. Mwishoni mwa miaka ya sabini alimwona abiria mmoja, mfanyakazi wa ofisi aliyechoshwa na safari, akibonyezabonyeza kikokotoo chake pasipo hesabu yoyote ya kupiga. Wakati huo kampuni za Sharp na Casio zilikuwa zimeshindana kutengeneza vikokotoo hadi bei ya vioo vyake ikaporomoka. Yokoi alijiuliza kama kioo hicho hicho kisingeweza kuonyesha mchezo mdogo wa kupitishia muda. Husimuliwa kwamba alimweleza Yamauchi wazo hilo siku ambayo dereva wa rais huyo aliugua na mhandisi akatakiwa kuendesha gari lake. Mzee alinyamaza tu. Lakini mkutanoni aliketi karibu na mkuu wa Sharp, na haikupita muda mrefu wakubwa wa Sharp wakabisha hodi Nintendo.

Ndivyo ilivyozaliwa Game & Watch mwaka wa 1980, kidude kilichokuwa saa na mchezo kwa pamoja, kilichotumia betri ndogo za saa. Mpaka utengenezaji wake ulipokoma mwaka wa 1991 vilikuwa vimeuzwa takriban milioni 43.4. Vile vya plastiki vilivyokuja kufika Kericho ni wajukuu zake.

Mwaka wa 1982 Yokoi alikabiliwa na tatizo jingine. Kampuni ilitaka kuuhamishia mkononi mchezo wa Donkey Kong, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameusimamia mwaka uliotangulia akiwa na kijana mchoraji aitwaye Shigeru Miyamoto. Mchezo huo ulihitaji mhusika apande, ashuke, aende kulia na kushoto, na mashine kubwa za kumbi za michezo zilitumia kijiti kilichosimama wima. Kijiti hakitoshei mfukoni, na kikitoshea kitavunjika. Yokoi akaweka kitufe bapa chenye umbo la msalaba, kinachoegemea upande ule kidole gumba kinapobonyeza. Kidole kiliujua upande bila jicho kutazama chini. Mwaka uliofuata kitufe hicho kiliwekwa kwenye mashine ya Nintendo ya kuunganishwa na runinga, na tangu hapo vidole vya watoto duniani kote vimeota sugu kwa sababu yake.

Nintendo iliupatia msalaba huo hataza, yaani haki ya kisheria inayompa mvumbuzi peke yake mamlaka juu ya uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Ile ya Marekani ilitolewa mwaka wa 1987, na jina la mvumbuzi lililoandikwa humo ni la mhandisi mwingine wa kampuni, Ichiro Shirai. Mpaka muda wake ulipokwisha katikati ya miaka ya 2000, washindani walilazimika kutafuta maumbo mengine. Sega walitumia duara, na Sony waliutenganisha msalaba wao ukawa vipande vinne.

Mwandishi wa makala haya hana ugomvi na hataza ya namna hiyo. Palikuwa na tatizo halisi, pakapatikana suluhisho ambalo halikuwa la wazi, na aliyetaka kulitumia angeweza kusubiri miaka au kubuni lake. Kinachokera ni kile kilichofuata katika tasnia hiyo hiyo na jirani zake, pale ofisi za hataza zilipoanza kugawa haki juu ya mambo ambayo mtoto yeyote angeyafikiria.

Chukua kampuni ya Namco. Mwaka wa 1995 iliomba hataza ya kumwekea mchezaji mchezo mdogo wa kumchangamsha wakati mchezo mkubwa ukipakiwa, na Marekani ikaidhinisha mwaka wa 1998. Kwa hesabu ya sheria, haki hiyo iliendelea hadi 2015. Kizazi kizima cha watoto kiliketi kikitazama mstari ukijaa polepole kwenye runinga, kwa sababu watengenezaji wengine waliogopa mawakili. Ajabu ni kwamba tangu mwaka wa 1987 zilikuwapo kaseti za kompyuta ya Commodore 64 zilizofanya jambo hilo hilo. Mwaka wa 1999 Marekani iliipa Amazon hataza ya kununua kitu mtandaoni kwa kubonyeza mara moja. Kilele cha vituko kilikuwa Aprili 2002, mtoto wa Minnesota, ambaye baba yake alikuwa wakili wa hataza, alipopewa hataza ya namna ya kubembea kuelekea kando kwa kuvuta minyororo ya bembea kwa zamu. Iliangaliwa upya na kubatilishwa baadaye. Kila mtoto wa Kabianga aliyewahi kufunga kamba kwenye tawi la mti alikuwa ameivunja haki hiyo kabla haijaandikwa.

Hata bao halikusalimika. Mchezo huu wa mashimo na kete, ambao Waluo huuita ajua, Wakikuyu giuthi na Wamaasai enkeshui, umechezwa Afrika Mashariki tangu enzi ambazo hakuna azikumbukaye. Katika miaka ya 1950 Mmarekani William Champion alisajili nchini kwao hataza ya ubao wa mchezo aliouita Kalah, ulio wa ukoo huo huo. Sheria yetu ina busara zaidi katika hili. Sheria ya Haki Miliki za Viwandani ya Kenya ya mwaka wa 2001 inasema bayana kwamba kanuni za kucheza michezo na mbinu za kufanya biashara si uvumbuzi wa kupewa hataza. Lakini kijana anayesomea kompyuta katika Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka wa 2013, akitunga mchezo wa simu leo hatauuza Kericho pekee. Atauweka kwenye duka la mtandaoni ambako Mmarekani na Mjapani wataununua, na huko sheria yetu haimlindi.

Tumrudie Yokoi, ambaye alikuwa bado hajatoa kazi yake kubwa kuliko zote.

Aprili 21, 1989, Nintendo ilizindua Game Boy nchini Japani kwa yeni 12,500. Iliundwa na idara ya Yokoi, naye mhandisi Satoru Okada anastahili sehemu kubwa ya sifa kuliko anayopewa kwa kawaida. Kioo chake kilikuwa cha rangi ya kijani iliyofifia, kisicho na taa wala rangi nyingine. Mwaka huo huo Atari walitoa mashine ya mkononi yenye rangi, na Sega wakafuata mwaka wa 1990. Kwa macho ya dukani Game Boy ilikuwa kioja. Ila mashine za washindani zilikula betri sita kwa saa chache, nayo ya Yokoi iliridhika na nne kwa zaidi ya saa kumi. Ilikuwa nafuu na ilistahimili kuangushwa. Mzazi aliyenunua betri kwa fedha zake aliujua upesi uzito wa hesabu hiyo, awe Osaka au Litein.

Kilichoifikisha Game Boy kila kona ni Tetris, mchezo wa matofali yanayoshuka, uliotungwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka wa 1984. Kwa vile alikuwa mfanyakazi wa dola ya Kisovieti, haki zilikuwa za serikali, naye hakuanza kupata mrabaha hadi 1996. Nchini Marekani na Ulaya mchezo huo uliuzwa pamoja na mashine. Game Boy na ndugu yake ya rangi iliyotoka mwaka wa 1998 ziliuzwa jumla ya milioni 118.69.

Ni chache mno zilizofika Kenya. Hapa tulipata nakala za nakala: matofali ya Pajitnov, umbo la Game Boy na kioo cha kikokotoo, vyote vikiwa vimechanganywa na kiwanda kisicho na jina na kisichomlipa yeyote. Ni ukweli usiopendeza kwa wanaotetea haki za wavumbuzi, na mwandishi huyu ni mmoja wao, kwamba utoto wa watu wengi wa nchi hii ulichangamshwa na bidhaa za kuiga. Laiti sheria ingetekelezwa kikamilifu, mtoto wa mchuma chai asingeliligusa tofali hata moja.

Mwisho wa Yokoi katika Nintendo haukuwa wa fahari. Mwaka wa 1995 ilitoka Virtual Boy, mashine ya kuchungulia kama darubini iliyoonyesha picha zenye kina kwa rangi nyekundu na nyeusi tu. Wachezaji walilalamikia maumivu ya kichwa na shingo. Ziliuzwa takriban 770,000, na katika muda usiozidi mwaka mmoja ikaondolewa. Wapo wanaoamini kwamba aliadhibiwa kwa kutengwa ndani ya kampuni. Wengine, akiwamo yeye mwenyewe, walieleza kwamba alikuwa na mpango wa kujitegemea tangu zamani. Kabla ya kuondoka aliikamilisha Game Boy Pocket, toleo dogo lililotoka Julai 1996. Agosti 15 mwaka huo aliaga baada ya miaka 31, akaanzisha kampuni yake ndogo iitwayo Koto.

Ni mwaka huo huo wa 1996 ambapo mchezo wa Pokémon ulitoka nchini Japani kwa ajili ya Game Boy. Mtungaji wake, Satoshi Tajiri, aliiona waya ya kuunganisha mashine mbili, tundu ambalo idara ya Yokoi ilikuwa imeliweka tangu mwanzo, akawaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka kwa mtoto mmoja hadi kwa mwingine. Wazo hilo likawa utajiri usiomithilika. Na Septemba 2024 Nintendo pamoja na kampuni ya Pokémon ziliishtaki mjini Tokyo kampuni ndogo ya Pocketpair, iliyotoa mchezo wa Palworld, zikitaja hataza tatu zilizotokana na ombi la mwaka wa 2021. Septemba 2025 Marekani ikaipa Nintendo hataza juu ya kumwita mhusika ili apigane kwa niaba ya mchezaji. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba mnamo Novemba mkuu wa ofisi ya hataza mwenyewe aliamuru iangaliwe upya.

Yokoi hakuyaona hayo. Jioni ya Oktoba 4, 1997, alikuwa akisafiri kwa gari lililoendeshwa na mwenzake katika barabara kuu ya Hokuriku, mkoani Ishikawa, na gari hilo likaligonga lori kwa nyuma. Walishuka kutazama madhara. Gari jingine lililokuwa likipita likamgonga, naye akafariki. Ni kifo ambacho wasafiri wa barabara ya Kericho kuelekea Nakuru wanakielewa vizuri mno.

Mwaka huo huo kampuni ya Nokia iliweka mchezo wa nyoka katika simu yake ya 6110, na miaka michache baadaye simu za Nokia zilipoenea Kenya, watoto wa Kabianga wakaiweka kando gemu ya matofali na kuanza kuomba simu ya baba.

Kazi ya mwisho ya Yokoi ilitoka akiwa kaburini. Machi 1999 kampuni ya Bandai ilizindua WonderSwan, mashine ya mkononi ambayo yeye na wenzake wa Koto walikuwa wameibuni. Kioo chake hakikuwa na rangi, ingeweza kushikwa kwa wima au kwa ulalo, na ilitumia betri moja tu. Mchezo wa fumbo uliotoka pamoja nayo ulipewa jina la Gunpey.